Kiboko kimetoka: kompyuta na makosa ya mtoto

Mtoto wa Ujiji akisema “kiboko kimetoka majini”, hakuiga kauli hiyo kwa mtu mzima. Amezoea kikombe kimevunjika na kitabu kimepotea, akamtia kiboko humo humo, ilhali mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA hata kama jina lake linaanza na ki-. Je, kichwani mwake mna kanuni, au ni mazoea yaliyojijenga kwa kusikia?

Mwaka 1986 wanasaikolojia David Rumelhart na James McClelland walisimama upande wa mazoea. Mtandao wao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ambao haukuandikiwa kanuni yoyote, ulifunzwa vitenzi vya Kiingereza na maumbo yake ya wakati uliopita, nao ukapita njia ya kitoto: ulichokwisha kukipatia ulikikosea, kisha ukakipatia tena, kama mtoto wa Kiingereza anayesema went, kisha goed, kisha went tena. Mwanasaikolojia Steven Pinker na mwanaisimu Alan Prince, watetezi wa kanuni, waliuchambua vikali mwaka 1988. Hoja yao nzito ni kwamba ulipewa sauti bila maana, hivyo usingeweza kutenganisha maneno yenye sauti moja. Nasi tunalijua hilo: kiboko wa Malagarasi ametoka, lakini kiboko cha mchungaji kimekatika. Hapo sina utetezi. Mitandao ya baadaye ilibidi ipewe na maana.

Lawama nyingine ni ya hesabu, na ndiyo inayoeleweka vibaya. Mtandao ulianza na vitenzi 10, ambavyo 8 kati yake havifuati kanuni (kama go, went). Kisha ukamiminiwa vingine 410, na 334 kati ya hivyo vilikuwa vya kawaida, yaani vinavyofuata kanuni (kama walk, walked). Wakosoaji wakasema kosa lilipikwa, maana hakuna mtoto ambaye msamiati wake hufurika ghafla namna hiyo. Ni kweli. Lakini waliweza kulisema kwa sababu tarakimu zilikuwa mezani. Anayedai kwamba mtoto ana kanuni, pasipo kutaja inachomoza baada ya maneno mangapi na kwa mpangilio gani, tutambana wapi? Tena mwaka 1991 Kim Plunkett na Virginia Marchman waliutumia mtandao wenye msamiati usioongezeka, na makosa yale, ingawa kwa kitenzi kimoja kimoja, yakajitokeza.

Jaribio ninalolitamani ni la mtandao mdogo (si haya majitu ya leo yanayomeza maandishi ya dunia nzima) utakaolishwa maneno kwa kiasi anachosikia mtoto wa Kigoma, Kiha cha bibi yake kikiwamo, ili tuone kama utasema kiboko kimetoka, na ni lini utaacha.