Kengele Iliyonifuata Hadi Uingereza

Ndugu zangu, mimi si adui wa kengele. Nilisomeshwa kwa kengele, nikafunga ndoa kwa kengele, na siku nitakapozikwa sitakuwa na pingamizi ikipigwa. Ugomvi wangu ni na rimu moja tu ya lori, inayoning'inia kwenye mwarobaini wa kanisa letu hapa Nkuhungu, Dodoma, hatua 14 kutoka dirisha la chumba changu cha kulala, ambayo kila siku iendayo kwa Mungu, saa 11 alfajiri, mzee wa kanisa huicharaza kwa kipande cha nondo kana kwamba anaidai kodi ya miezi mitatu.

Kwa miaka sita nimekuwa nikilalamika kwa kila mwenye masikio, na kwa kuwa mama watoto aliacha kunisikiliza tangu mwaka wa kwanza, nilihamishia malalamiko kwa binti yetu anayefanya kazi Uingereza. Kila alipopiga simu kunijulia hali, nilianza na kengele, nikamaliza na kengele, na katikati nikagusia maji kidogo. Nadhani mtandao ulikuwa ukikatakata, kwa sababu alichoambulia mtoto wa watu ni kengele, kengele, kengele, akaamini kwamba baba yake uzeeni amepata kitu anachokipenda. Basi aliponikatia tiketi nikamtembelee, zawadi aliyoniandalia ilikuwa kunipeleka kwenye kiwanda cha kusubu kengele. Alinifumba macho kwa viganja vyake mlangoni, kisha akaniachia na kusema, "Baba, furahi!"

Kiwanda hicho ni cha John Taylor & Co., na kipo katika mji unaoandikwa Loughborough, yaani herufi 12, lakini wenyewe wanautamka "Lafbara" na herufi zilizobaki wanaziacha zipumzike. Akina Taylor walihamia mji huo mwaka 1839, na hadi leo kazi inaendelea, huku makumbusho yakiwa papo hapo kiwandani, kiasi kwamba ukiwa unaangalia kengele ya kale, upande wa pili unasikia mpya ikigongwa. Kwa mtu aliyesafiri kutoka Dodoma akitafuta usingizi, hiyo ilikuwa neema kubwa mno.

Nilitegemea kuona mitambo ya ajabu. Wazungu, nikajiambia, bila shaka wanabonyeza kitufe na kengele inatoka imefungwa kwenye nailoni. Mwenyeji wetu akaanza kutueleza jinsi kalibu inavyotengenezwa: kuna kiini cha ndani, kuna koti la nje linalofunikwa juu yake, na ule uwazi unaobaki katikati ndio unaomiminiwa madini na kuwa kengele. Umbo lake hupatikana kwa kuzungusha ubao uliochongwa, ukiparua udongo mbichi mpaka ukae sawasawa. Nikauliza huo udongo ni wa aina gani. Akajibu bila aibu yoyote kwamba ni mfinyanzi, mchanga, manyoya ya mbuzi na mavi ya farasi.

Nilimtazama binti yangu, naye akanitazama. Mimi ni mtoto wa tembe. Bibi yangu kule Mvumi alikuwa akikanda udongo na mavi ya ng'ombe kila kiangazi kusiriba kuta, na mimi ndiye niliyetumwa na karai kwenda kuyazoa zizini, kazi iliyonifanya nisome kwa bidii nikaondokane nayo. Leo nimevuka bahari, nimevaa makoti mawili, mwanangu amenilipia kiingilio, ili nikaonyeshwe mavi kwenye karai. Na mwenyeji akayasifu! Akaeleza kwamba nyasi zilizomo ndani yake huungua wakati kalibu inapokaushwa na kupokea moto, zikaacha vijitundu vya kupitishia gesi, la sivyo madini yanayomiminwa yakiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi yangetokota na kuiharibu kengele. Bibi yangu alilijua jambo hilo kwa upande wa ufa na mvua, ila yeye hakuwahi kumtoza mtu kiingilio.

Madini yenyewe ni shaba na bati, takriban sehemu 77 za shaba kwa sehemu 23 za bati. Kengele ikishapoa, na ile kubwa huchukua siku kadhaa kupoa, hupelekwa kwenye mashine inayoizungusha huku ikikwanguliwa kwa ndani, kidogo kidogo, mpaka sauti zake tano zielewane, maana kengele moja nzuri hubeba sauti tano zinazosikilizwa moja moja. Ukikwangua ukapitiliza umeharibu, kwa kuwa madini yaliyotoka hayarudi. Hapo nikaikumbuka rimu yetu, ambayo kwa hesabu yangu ina sauti moja na nusu.

Tuliambiwa pia habari za Great Paul, kengele ya tani 17 hivi iliyosubiwa hapo mwaka 1881 kwa ajili ya kanisa kuu la St Paul's, ambayo ilivutwa kwa mashine ya mvuke siku 11 barabarani kwenda London. Hayo niliyapitisha. Kilichonivunja nguvu ni habari ya Julai 1963, ambapo wapigaji wanane walipanda mnara wa kiwanda hicho hicho wakapiga kengele nane kwa mipangilio yote inayowezekana bila kurudia hata mmoja, mipangilio 40,320, kwa saa 17 na dakika 58 mfululizo, bila kupokezana. Nilitafuta mahali pa kukaa. Nilichotaka kujua ni kama na wao walikuwa na jirani.

Tumaini langu la mwisho lilikuwa ufa. Nikamuuliza mwenyeji, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa ajili ya rafiki yake, kama kengele ikipigwa sana kwa hasira inaweza kupasuka ikanyamaza. Akafurahi kupata mwanafunzi makini. Akaniambia Big Ben yenyewe ilipasuka mwaka 1859, ikageuzwa kidogo, ikawekewa nyundo nyepesi, na inalia na ufa wake mpaka leo.

Nikarudi Dodoma. Kosa langu ni kwamba nilisimulia. Baada ya ibada watu walinizunguka chini ya mwarobaini, na nilipotaja bati, mhazini aliinua macho kwenye paa la kanisa, ikanibidi nieleze kwa dakika kumi kwamba bati la kengele ni madini mengine kabisa, na haya mabati yetu ni chuma kilichopakwa zinki, hivyo tafadhali tusije tukasali juani. Nilipotaja shaba, vijana wawili wa kwaya walianza kuzitazama nyaya za umeme kwa namna ambayo sikuipenda. Nilipotaja mavi na manyoya ya mbuzi, akina mama wakasema hayo yapo, tena bure.

Mzee wa kanisa hakusema kitu. Aliniita pembeni, akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kana kwamba hatukuwa tumesalimiana, akasema magoti yake hayamruhusu tena kuamka usiku, na kwamba tangu nilipoondoka amekuwa akiomba apatikane mtu wa kumrithi, aliyesomea. Kisha akanikabidhi nondo. Mama watoto alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa ni wiki ya tano ninaamka saa 10 na nusu. Jana mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, kijana mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam, alinifuata chini ya mti akiwa na macho mekundu na taulo shingoni, akaniamkia kwa heshima, akauliza, "Baba, samahani, hivi hii kelele huwa inachukua muda gani?" Nikamwomba akae kwenye jiwe, nikaanza kumweleza habari za Julai 1963.