Diski Imetoa Salamu, Mzee Hakuitikia

Mimi nilitaka nafasi tu. Sikutaka ufundi, sikutaka elimu, wala sikuwa na hamu ya kujua ndani ya kompyuta kuna nini. Kompyuta yangu ya mezani ni ya kizamani, nakubali, lakini inawaka, inazimika, na haina ugomvi na mtu. Shida yake ni diski ya gigabaiti 80 iliyojaa pomoni. Nikitaka kuhifadhi picha moja mpya, lazima kwanza nikae kikao na nafsi yangu tuamue ni ndugu yupi afutwe.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasikia kilio. Yeye amehamia kwenye kompyuta mpya, na diski yake ya gigabaiti 500 ilikuwa imekaa bure.

"Chukua, shem. Nzima kabisa, nimeitumia mpaka juzi. Ni kuchomeka tu."

Jamani, mtu akikwambia "ni kuchomeka tu", mshike mkono, usimwachie. Mimi wangu nilimwachia. Akaondoka baada ya kutoa mafunzo ya dakika mbili akiwa amesimama mlangoni: zima umeme kwanza, usiiangushe, skrubu nne zinatosha, kile kijidude cheusi cha nyuma kitoe maana kinaibana isikimbie, halafu usiiweke karibu na feni. Nikaitikia yote. Aliyekupa kitu cha bure humwulizi maswali.

Nikafungua kasha, nikapiga chafya kama mara tisa, nikafunga skrubu nne, nikachomeka waya mbili, nikawasha. Skrini ikaorodhesha milango ya SATA, yaani matundu ya kuchomekea diski. Mlango wa kwanza: diski yangu ya zamani, jina lake na ukoo wake wote. Mlango wa pili: Hakuna.

Hakuna! Hilo neno ndilo lililoniudhi. Laiti ingesema ipo lakini mbovu, au ipo lakini siitaki, ningejua pa kuanzia. Diski imelala pale, nzito kama tofali, inanguruma, nikiweka kiganja juu yake nasikia inavyotetemeka. Halafu huko ndani ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kuna kidhibiti, chipu inayosimamia diski, kinaitazama usoni na kusema hapa hapana kitu. Hata karani anayekuambia njoo kesho, angalau amekuona.

Nikaanza na waya, kwa sababu waya ndicho kitu pekee ninachokielewa. SATA ina waya mbili, mpana wa umeme wenye pini 15 na mwembamba wa data wenye pini 7. Nikashangaa kidogo: mzigo wote wa picha, barua na muziki unapita kwenye huo mwembamba, na katika pini zake 7, tatu ni za kutulizia umeme tu. Zinazobeba data ni nne. Nimewahi kufanya kazi ofisi ya namna hiyo.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha milango: ya pili ikawa ya kwanza, ya kwanza ikawa ya pili. Diski ya zamani ikaonekana kila nilikoipeleka, kama mtoto anayependwa na walimu. Ya shemeji, hakuna. Baadaye nikaja kujua kwamba kiunganishi cha ndani cha SATA kimeundwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi. Usiku ule peke yake nilikula kama 30. Zilizobaki nazitunza kwa ajili ya uzee.

Na hii kazi ya kuchomoa na kuchomeka, nani aliianzisha? Diski ya kwanza kabisa ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, na mashine nzima ilizidi tani moja, yote hayo kwa ajili ya megabaiti kama 5. Leo hizo ni picha mbili za simu. Lakini nawaonea wivu waliokuwa nayo. Hakuna shemeji aliyewapigia simu kusema hebu ichomoe kidogo uichomeke tena.

"Baba Neema!" sauti ya mke wangu ikatoka bafuni. "Hii skrubu niliyoikanyaga ni yako au ya nyumba?"

Ilikuwa yangu.

Nikahamia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows. Kuingia BIOS ni mtihani wa kwanza. Unapewa nafasi ya sekunde moja ubonyeze kitufe, ukichelewa Windows imeshaanza safari, na Windows ya kwangu ikianza safari huwezi kuishusha njiani. Mara ya nne nikaingia. Skrini ya bluu, maandishi meupe, na maneno ambayo hata kamusi ingeomba udhuru. Kwenye kidhibiti cha SATA nikakuta chaguo mbili za hali ya kufanyia kazi: IDE na RAID. Iliyokuwa imewekwa ni IDE. RAID sikujua ni nini, ila nililisoma kwa sauti, likanipa picha ya askari wanavunja mlango, nikaona hilo ndilo neno la kumwamsha huyu kidhibiti. Nikachagua, nikahifadhi, nikatoka kifua mbele.

Windows ikaanza, ikafika nusu, ikageuka bluu na kunipa namba: 0x0000007B. Maana yake, kwa lugha ya watu, ni kwamba Windows haiioni tena diski iliyolalia. Kumbe inaamka na draiva, programu ya kuongea na kidhibiti, ya hali ile iliyosakinishwa nayo. Ukimbadilishia kidhibiti hali usiku usiku, asubuhi haijui ilipo. Wenye mashine mpya zaidi wanapatwa na hilohilo wakicheza na AHCI, hali nyingine ya kidhibiti hichohicho. Kwa hiyo kompyuta iliyokuwa haioni diski moja, sasa ilikuwa haioni zote mbili. Kwa upande wa usawa, tulipiga hatua.

Nikarudisha IDE kimyakimya, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani alichokipasua kidogo.

Mpwa wangu alikuwepo akichezea simu, na vijana wa siku hizi hawawezi kuona mtu anahangaika wakanyamaza. "Mjomba, nunua mpya tu. Hii ni ya makumbusho."

Sikumjibu. Namfahamu. Mwezi uliopita huyuhuyu alichomeka diski yake mpya ya M.2, ile nyembamba kama ubao wa kupimia, akafurahi, akawasha, na diski zake mbili za SATA zikatoweka. Alilia siku mbili. Kumbe kwenye mazabodi nyingi tundu la M.2 linagawana njia na baadhi ya milango ya SATA. Ukijaza huku, kule kunafungwa, na taarifa hiyo imeandikwa kwenye kijitabu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifungua. Hajakaa sawa, akabomoa diski ya nje akaitia ndani, nayo ikagoma hata kuzunguka. Viwango vya SATA vya mwaka 2016 viliipa pini ya tatu ya umeme kazi mpya: ikipata volti 3.3, diski inaamriwa ilale. Masapulai ya zamani, yale masanduku ya kugawa umeme ndani ya kompyuta, yanapeleka hizo volti pale muda wote, kwa hiyo diski ikawa inaambiwa lala, lala, lala, nayo mtiifu ikalala. Dawa ikawa kipande cha utepe wa kuzuia umeme juu ya pini moja. Mashine mpya kabisa, imefungwa bendeji kama kidole! Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kuchekea jikoni.

Shemeji nikampigia. "Jaribu kuiformati," akasema, yaani kuifuta na kuiandaa upya. Shem, naiformati vipi ikiwa haipo? Hiyo ni sawa na kumwambia kinyozi aanze kunyoa, mteja yuko njiani.

Saa tano za usiku nikanyoosha mikono, nikampigia fundi. Fundi wa kweli utamjua kwa maswali, hana haraka ya kujibu.

"Inazunguka?"

"Inanguruma vizuri tu."

"Kwingine inaonekana?"

"Kwa shemeji inaonekana."

"Mazabodi ya mwaka gani?"

Nikamulika kwa tochi. Imeandikwa 2004. Nikamsomea. Akanyamaza ule unyamavu wa daktari aliyeshika karatasi ya vipimo.

"Basi, mzee wangu, hao wawili hawasalimiani."

Akanieleza, na hapa nitasema ukweli, ndipo nilipoanza kumhurumia kidhibiti. SATA ilipoingia sokoni mwaka 2003 kasi yake ilikuwa gigabiti 1.5 kwa sekunde. Kizazi kilichofuata kikawa cha 3, na mwaka 2009 kikaja cha 6. Umeme ukiwaka, diski na kidhibiti wanapeana salamu kabla ya lolote. Diski inaanza kwa kasi yake kubwa, na isipojibiwa inateremka ngazi moja, inasalimia tena polepole, mpaka waelewane. Ndivyo kanuni inavyotaka. Lakini baadhi ya vidhibiti vya kizazi cha kwanza havikuwahi kufikiri kwamba duniani kutatokea mtu anayesema haraka kuliko wao. Kijana anapita mbio, "Shkmoo!", mzee amesikia upepo tu. Anageuza shingo kutafuta aliyesema, na kijana naye anaona amedharauliwa. Mlango wa pili: hakuna.

"Sasa dawa yake?"

"Nyepesi. Angalia pembeni ya tundu la waya wa data, kuna vipini vinne vimesimama. Viwili vinavalishwa jampa. Ikivaa jampa, diski inaanza moja kwa moja na 1.5."

"Jampa ndiyo nini?"

"Kijidude kidogo cheusi cha plastiki, ndani kina chuma. Diski nyingi za aina hiyo zinatoka nacho kiwandani kikiwa kimeshavalishwa."

Safari hii aliyenyamaza ni mimi.

"Mzee, upo?"

Nipo, fundi. Nipo nakumbuka kucha yangu ya kidole gumba ikikibandua kijidude cheusi, cheche za furaha usoni, nikakirusha nyuma yangu kama ganda. Eti kinaibana isikimbie! Fundi akanipigia hesabu hapohapo kwenye simu: barabara ya gigabiti 1.5 inapitisha megabaiti 150 kwa sekunde, na diski yenyewe ya sahani, ya umri ule, ikijitahidi mpaka kutoa jasho haifiki hata 100. Ilikuwa haibanwi na kitu. Nimempanulia barabara mwenye baiskeli.

Na cha kuuma zaidi, picha ilikuwepo. Juu ya diski, kwenye lebo, wamechora vipini vinne, wamechora na jampa, wameandika kwamba ni ya kikomo cha 1.5. Lebo ile niliisoma mara kumi jioni ile, na mara zote kumi nilisoma "500" tu, nikitabasamu.

Msako ukaanza. Nina droo ya vitu vitakavyofaa siku moja. Ina waya kumi na moja, chaja tatu za simu zilizokwishakufa na funguo za makufuli nisiyoyajua. Jampa haimo. Nikabomoa kiendeshi cha zamani cha CD, nikakuta jampa nyuma yake, nikashangilia mpaka mke akagonga ukuta. Ikawa kubwa, ikapwaya kwenye vile vipini kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Nikatambaa chini ya meza, chini ya kochi, nikapata skrubu mbili nyingine ambazo sijui ni za nini, kwa kuwa kasha limefungwa na halidai kitu.

Asubuhi Neema akanikuta sakafuni. Ana miaka sita.

"Baba unatafuta nini?"

"Kitu kidogo, cheusi, kina shimo."

Akafikiri. Akaenda kwenye nyumba ya mdoli wake, akarudi amefumba kiganja. Akakifumbua kidogo tu, kwa mashaka.

"Hii ni ndoo," akasema. "Mdoli anaogea."

Mazungumzo yalichukua robo saa. Nilitoa ile jampa kubwa ya CD iwe pipa, nikaongeza kifuniko cha kalamu kiwe bafu, akaongeza sharti kwamba atakayeivalisha diski ni yeye. Kidole chake kilifaa kuliko changu, niseme kweli. Akaivalisha kwa pigo moja. Nikachomeka, na hapo zikawa mara 31.

Mlango wa pili: jina, namba, ukoo. Imeonekana! Mzee kaitikia salamu! Nikamwita mke, nikamwita mpwa, nikataka kuita na majirani. Windows ikaamka, nikafungua, nikasoma: gigabaiti 465.

Mia nne sitini na tano? Zangu 35 ziko wapi? Mpwa akasema hakuna aliyeiba: kiwanda kinahesabu kwa elfuelfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Yaani wananiuzia kwa kipimo kimoja na kunipimia kwa kingine, halafu mimi ndiye sijui hesabu. Haya. Nikateremsha jicho kwenye mstari wa pili, ule wa nafasi iliyo wazi.

Gigabaiti 3.

Nikafungua. Video. Video juu ya video: harusi ya shemeji, kamera nne, kutoka wanavaa mpaka wageni wanatafuta viatu. Nikampigia huku mkono unatetemeka.

"Nilisema nzima, shem," akajibu taratibu. "Sikusema tupu."

"Na wewe Baba Neema," mke wangu akadakia kutoka chumbani, "usithubutu kugusa harusi ya kaka."

Kwa hiyo sasa nina diski mbili, zote zinaonekana, zote zimejaa.