Nilikuwa Lusail, Mechi Waliiona Ujiji

Mimi Kombe la Dunia nimekwenda. Sikuhadithiwa, wala sikuoneshwa kwenye simu ya mtu. Qatar, mwaka 2022, uwanja wa Lusail, Cameroon na Brazil, mwili mzima ulikuwa mle ndani. Ila usiniulize niliona nini. Kamuulize dogo.

Huyo dogo tunaye hapa kijiweni Ujiji, Kigoma. Anashusha magunia ya dagaa Kibirizi, na sidhani kama amewahi kuvuka Uvinza. Mechi aliitazama kibanda umiza, kiingilio shilingi 500, amekaa kwenye benchi na watu wengine sita. Sasa mimi nikifungua mdomo tu, "Siku ile Aboubakar wa Cameroon alipofunga...", ananikata: "Kaka, dakika ya ngapi?" Namwambia mwishoni. "Mwishoni ndiyo dakika ya ngapi? Tisini na mbili! Krosi ya Ngom Mbekeli kutoka kulia, jamaa kichwa, kipa kasimama anatazama." Wazee wote wanamgeukia yeye. Mimi mwenye muhuri wa Qatar kwenye pasi naambiwa nisogee nipishe birika.

Haya, nifanye nini? Bao lilipoingia watu zaidi ya 85,000 walisimama, na mimi nilichokiona ni mgongo. Mgongo wa Mbrazili mmoja mpana, ana bendera ya kutosha kuezekea jiko. Skrini kubwa ipo, wanarudia bao, lakini bendera nayo ipo. Nikashangilia kwa kusikia.

Kisha nikachungulia chini kwa mbali, naona mtu kifua wazi anatoka uwanjani anatabasamu. Nikasema moyoni, huyu kamaliza kazi yake, kaomba akapumzike. Kumbe ndiye Aboubakar! Alivua jezi kushangilia, kosa la kadi ya njano, na tayari alikuwa nayo moja, basi mwamuzi, yule Ismail Elfath wa Marekani, akacheka naye, akampa mkono, ndipo akamlima njano ya pili na nyekundu. Kigoma nzima iliona ule mkono. Mimi niliuona alfajiri, nikiwa kambini kwetu wafanyakazi, kwenye grupu la ukoo, umetumwa na mtoto wa dada yangu aliyeko Gungu. Nimekaa uwanja mmoja na tukio, habari zake naletewa kutoka Gungu!

Na msidhani kuingia kulikuwa rahisi. Walitenga tiketi za daraja la nne kwa sisi wakazi wa kule tu, riyali 40 kwa mechi za makundi. Ukisikia riyali 40 unaona bure. Lakini kima cha chini cha mshahara kule kilikuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na mke wangu huku ana kalukuleta kwenye simu. "Arobaini hizo ni kama shilingi 25,000. Baba nanihii, unajua bei ya bati?" Nikamwambia mama, bati litakuwepo hata mwakani, Brazil hawaji Mwandiga. Hajajibu mpaka leo, ila kila mvua ikinyesha ananitazama.

Mechi ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Desemba, na Ijumaa ndiyo mapumziko yetu. Msimamizi naye akaichagua siku hiyo hiyo kunipangia zamu ya ziada. Nikamwambia nina msiba. Akauliza wa nani. Nikasema bado hatujajua, inategemea Brazil wataamkaje.

Tiketi yenyewe haikuwa karatasi ya kukunja ukaweka mfukoni. Ilikuwa ndani ya simu. Kitambulisho cha kuingilia nacho ndani ya simu. Simu yangu ilikuwa na betri ya kuombea dua. Kutoka kambini hadi getini sikupokea simu ya mtu, sikupiga picha, sikuangalia hata saa, naibeba kama yai. Na shangazi yangu Mwandiga ndiyo siku aliyoamua kupiga bila kupumzika.

Huyu shangazi nina kesi naye. Saa za Doha na saa za Kigoma ni zile zile, saa 4 usiku yao ni saa 4 usiku yetu, kwa hiyo hata kusingizia kwamba alikuwa amelala haiwezekani. Alikusanya majirani sebuleni, akawatangazia kwamba leo mtoto wetu atatoka kwenye runinga. Akaniagiza: "Vaa shati la njano, mwanangu, tukuone upesi." Mpwa anapata wapi ubavu wa kumbishia shangazi? Nikavaa la njano. Kufika uwanjani, jukwaa lote la njano! Brazil hao! Wabrazili wananikumbatia, wananipaka rangi mashavuni, na mimi roho yangu iko na Cameroon. Goli lilipoingia nikaruka peke yangu katikati ya ile njano. Walivyonitazama, nikakaa, nikajifanya nimeng'atwa na mdudu.

Shangazi akapiga tena baada ya mechi. Nikadhani anataka kujua kama niko salama. "Tumetazama mpaka macho yameuma, hujaonekana! Yule Mkenya mbona tumemwona?" Mkenya gani tena? Yule kijana aliyekuwa anakaa kwenye kiti kirefu na kidole cha sponji, anaelekeza watu njia ya metro, mpaka umati ukawa unamwitikia kama kwaya. Alisambaa dunia nzima kwa kuonesha njia. Shangazi akaona hilo ndilo jambo. "Mwenzako kaonesha kidole tu kajulikana, wewe na shati lote lile!"

Picha moja niliyobahatika kupigwa na jirani wa kitini ndiyo imenimaliza kabisa. Mimi ni Simba tangu utotoni. Nilikuwepo hapa Lake Tanganyika, Julai 2021, Taddeo Lwanga alipowafunga Yanga kwenye fainali ya kombe la shirikisho, na sauti ilinikauka. Leo hii picha ya shati la njano, rangi ya Yanga, inazunguka Ujiji, eti kafika Qatar kaenda kuwatangaza. Kuna mtu Mwanga sokoni ananiita "Mwananchi", jina la watu wa Yanga. Nilimnunulia kahawa aache. Kahawa amekunywa, jina ameliacha pale pale.

Mzee muuza kahawa naye ana lake. "Cameroon walimfunga Brazil, wa kwanza Afrika kumfunga kwenye Kombe la Dunia. Sawa. Wakapita?" Hawakupita, mzee. Uswisi wa kundi lao aliwafunga Serbia 3–2 usiku ule ule, kule kwenye uwanja uliojengwa kwa makontena, akapita yeye. "Sasa ulitumia hela ya bati kutazama watu wanaofunga mizigo?" Nilitaka kujibu, nikakumbuka hata hiyo mizigo sikuiona vizuri.

Sasa kuna AFCON 2027, tunaandaa sisi na Kenya na Uganda. Kijiwe kimeunda kamati ya safari ya Dar es Salaam. Nikavaa kanzu safi, nikakaa mbele, nikijua mwenyekiti ni nani mwingine kama si mtu wa Lusail. Wamemchagua dogo. Eti yeye ndiye anayeujua mpira wa kimataifa. Mimi nimepewa uweka hazina, na nimeshaambiwa mchango wa kwanza utoke kwangu, kwa kuwa nimetoka Uarabuni.