Mgawanyo wa kipato na hesabu ya nishati

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Swali linalobaki Tanzania ni nani mwenye uwezo wa kuutumia umeme huo.

Wapo wanaoamini kwamba pato la taifa likikua, matumizi ya nishati yatakua nalo, hata kama fedha zinaishia kwa wachache. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa migodi na viwanda hutumia umeme mwingi, na wenye nacho ndio wanaofunga viyoyozi na kumiliki magari. Hata hivyo, mwenye majokofu mawili akiongezewa kipato si lazima anunue la tatu, ilhali mama lishe akipata nyongeza hiyo hiyo anaweza kununua la kwanza. Kipato kikisambaa, umeme wa majumbani huongezeka.

Matumizi ya nishati kwa ujumla, kinyume chake, yanaweza kupungua, na hapa ndipo wastani wa taifa unapopotosha. Familia isiyo na akiba hununua mkaa wa kopo kila siku, ingawa kwa mwezi huishia kulipa zaidi ya anayenunua gunia zima, kwa sababu fedha ya mtungi wa gesi haipatikani kwa mkupuo. Mkaa huo umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kwenye tanuri la udongo, na jikoni hupotea nyingine. Maskini, basi, huteketeza nishati nyingi na kunufaika na kidogo. Mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034 hautafanikiwa iwapo kipato chao kitabaki cha kubahatisha siku kwa siku.

Watetezi wa ruzuku ya umeme hujibu kwamba bei nafuu inaziba pengo. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Huo ni msaada wa kweli kwa kaya yenye mita yake. Lakini wapangaji sita wanaochangia mita moja huvuka kiwango hicho kwa pamoja, ingawa kila mmoja ana taa, feni na simu tu, ilhali nyumba ya mapumziko ya tajiri, inayofunguliwa mara moja moja, inaweza kubaki chini yake. Ruzuku ya namna hiyo hupima mita, haipimi kipato, na kwa maoni yangu marekebisho yaanzie hapo, kwa kumpa kila mpangaji mita yake.