Kishikwambi kikae mkononi mwa nani?

Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, Serikali ya Tanzania ilibaki na vishikwambi zaidi ya laki mbili, ikaamua vigawiwe walimu wa shule za umma, Bara na Visiwani. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini walimu, ilhali asiyejua kusoma ni mtoto?

Anayeuliza hivyo ana ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya kubuni programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yaliwapa watoto wapatao 3,000 wa vijijini mkoani Tanga vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani. Mwalimu hakuwepo, ila kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na mwanakijiji wa kukiangalia. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hilo si jambo dogo kwa mtoto ambaye shule iko mbali au hana kabisa. Na hata aliye shuleni, katika darasa la watoto mia mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma silabi zake, wakati kifaa kinaweza kumjibu kila mtoto kwa kasi yake.

Lakini tusome matokeo hayo mpaka mwisho. Nusu ya pili ilikaa na kishikwambi zaidi ya mwaka na bado haikuweza kusoma neno. Watoto hao walihitaji mtu wa kugundua wamekwama wapi.

Tukivuka mpaka, Kenya iliahidi mwaka 2013 kuwapa kompyuta watoto wanaoanza darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vilifika shule za msingi za umma, na kuunganisha umeme shuleni kukapata msukumo mkubwa. Hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, shule nyingine zilivifungia kabatini kwa kuhofia wezi, na kwingine mwalimu hakujua avitumieje ndani ya kipindi. Peru nayo ilinunua kompyuta mpakato zaidi ya laki nane kwa ajili ya watoto. Watafiti walipozipima shule 319, hawakuona tofauti katika hisabati wala lugha.

Jaribio lililonishawishi zaidi ni la Kisumu, Kenya, ndani ya mpango wa kusoma uitwao PRIMR. Kundi moja la shule lilipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea kwa wanafunzi, la pili vishikwambi kwa walimu, la tatu vishikwambi kwa washauri wanaozungukia shule. Makundi yote matatu yalipanda katika kusoma, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kwa gharama, kumpa kila mwanafunzi kifaa ndiko kulikokuwa ghali zaidi. Tusome, mpango wa kitaifa uliofuata, ukawapa watoto vitabu na washauri vishikwambi. Mshauri alikaa nyuma ya darasa, akajaza alichokiona, akawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu. Nauli yake ilirudishwa kwa ziara ambazo kishikwambi kilithibitisha kuwa alifika. Utaratibu huo mdogo ulisaidia kuwafikisha washauri madarasani.

Kwa hiyo naiona Tanzania ilianza upande sahihi. Kishikwambi kinamfungulia mwalimu maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na mafunzo kazini ya MEWAKA. Ila shule isipokuwa na intaneti, bando linatoka mfukoni mwake, na afisa elimu kata asipopita kuuliza somo limekwendaje, kifaa kinaishia kwenye kuandaa andalio la somo na kujaza taarifa za kupeleka juu. Hapo wakosoaji wa mgao huo wana haki, na mimi nasimama nao.

Kuhusu kama kifaa kinaweza kumsaidia mtoto kumaliza shule, matumaini yangu ni madogo zaidi. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Hukosa siku za gulio, kisha wiki ya mavuno, kisha mwezi, na daftari la mahudhurio huonyesha yote hayo. Mfumo wa taarifa za shule, SIS, unaweza kuonyesha jina lake mapema, kabla hajapotea kabisa. Lakini utoro wenyewe unatokana na njaa, umbali, kazi za nyumbani, mimba. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni uliwafungulia mlango ambao hakuna programu ingeweza kuufungua.

Zilipo kumbukumbu zao, majina ya wasichana hao yanaweza kupatikana, pamoja na ya wavulana walioishia njiani. Ningependa kila halmashauri itenge fungu la nauli kwa mtu wa kwenda nyumbani kwao, kama linavyotengwa fungu la vifaa, na itangaze kila mwaka ni wangapi walifuatwa na wangapi walirudi darasani.