Kabla ya kumwaga lami nyingine, tuhesabu magari

Katikati ya jiji ikichangamka, kilio cha wafanyabiashara ni kilekile: hakuna pa kupaki. Jibu la wakubwa nalo huwa tayari: kitafutwe kiwanja, kibomolewe kilichopo, imwagwe lami. Mimi nalipinga jibu hilo, kwa sababu mara nyingi hutolewa kabla mtu yeyote hajahesabu.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji mitambo. Mtu anapita mtaa uleule kila saa, asubuhi hadi usiku, akiandika namba za magari anayoyakuta na mahali yalipo. Karatasi zikikusanywa, zinaonyesha nafasi ngapi zilijaa na saa ngapi. Zinaonyesha pia jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni gari gani lilikaa muda gani. Gari lililoandikwa saa mbili asubuhi, likakutwa tena saa nne, saa sita na saa tisa mbele ya mlango uleule wa duka, si la mteja. Aghalabu ni la mwenye duka au mfanyakazi wake. Nafasi ambayo ingepokea wateja wanane kwa siku imeshikwa na gari moja, kisha tunaambiwa mji hauna maegesho.

Uhaba una saa zake. Ofisi hujaza magari mchana, migahawa usiku, nyumba za ibada siku zao za ibada. Lakini kanuni za ujenzi za miji mingi hudai kila jengo liwe na maegesho yake, kana kwamba wote hao wanafika saa ileile. Ndiyo maana utakuta uwanja wa ofisi umefungwa kwa mnyororo jioni, na jirani yake watu wanazungukazunguka wakitafuta nafasi.

Na ardhi hiyo si kidogo. Gari lenyewe hupewa kama mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia za kupita na kugeuzia, kila gari huhitaji mita za mraba 25 hadi 30. Magari 100 yanakula zaidi ya nusu ekari, pale ambapo ardhi ya mji ni ghali kuliko kwingine kote, na ambapo zingeweza kusimama nyumba za kuishi, maduka au soko. Jiji la Mexico lililiona hilo: mwaka 2017 liliacha kudai idadi ya chini ya maegesho kwa majengo mapya, likaweka kikomo cha juu badala yake.

Maegesho ya mitaa inayojaa kweli yatozwe ada. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Los Angeles alitumia miongo mingi kueleza kwamba bei nzuri ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Mfano ninaoupenda ni Old Pasadena, eneo la maduka huko California, Marekani. Wafanyabiashara wa pale waliogopa kwamba mita za maegesho, yaani mashine za kulipia nafasi mtaani, zingefukuza wateja. Wakakubali mwaka 1993 baada ya kuhakikishiwa kwamba mapato yangebaki palepale, na kweli yakatengeneza njia za miguu, taa na usafi wa mitaa yao. Ada inayopotelea kwenye mfuko mkuu wa jiji haina mtetezi, na sishangai watu wakiichukia.

Wapo wanaosema ada itamuumiza maskini. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, lakini maskini wengi huja mjini kwa basi au kwa miguu, na ndio wanaoshuka barabarani pale gari linapopandishwa kwenye njia ya miguu. Wenye ulemavu watengewe nafasi karibu na milango, na magari ya kushusha mizigo yapewe saa zake.

Kwa hiyo baraza lolote linaloomba fedha za kujenga maegesho lilete kwanza jedwali la saa kwa saa, la siku ya kazi na la siku ya mapumziko, pamoja na hesabu ya viwanja binafsi vinavyolala tupu usiku. Bila jedwali hilo, madiwani wasipitishe hata shilingi.