Wikiendi ya Vijana Mlimani Iishie Miriakamba

Likizo ya Juni ikikaribia, vikundi vya vijana hapa Arusha na Moshi huanza kupanga safari ya mlimani, na mazungumzo karibu yote huanzia kileleni. Tutafika juu? Tutapiga picha kwenye kibao? Msimamo wangu ni kwamba kwa safari ya wikiendi, kilele kiachwe. Kijana aliyepanda taratibu hadi mita 2,500, akalala huko usiku mmoja, akajipikia na kushuka Jumapili akiwa mzima, ameujua mlima kuliko yule aliyeburutwa hadi juu huku akitapika.

Hesabu yenyewe haikubali. Mlima Meru una mita 4,560 na ushei. Geti la Momella, panapoanzia safari, liko kwenye mita 1,500 hivi; Miriakamba, kituo cha kwanza cha vibanda vya kulala, 2,514; Saddle, kituo cha pili, 3,570. Ukishavuka mita 3,000, ushauri wa kiafya ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Miriakamba hadi Saddle peke yake ni zaidi ya mita 1,000, ndiyo maana safari ya kawaida ya Meru hupangiwa siku nne. Anayeibana kati ya Ijumaa jioni na Jumapili anawatembeza watoto wa watu usiku wa manane, kwenye ukingo mwembamba wa kreta, wakiwa na vichwa vinavyogonga.

Miriakamba inatosha kabisa. Kutoka Momella ni mwendo wa saa nne hadi sita, kutegemea njia: ile fupi inapanda moja kwa moja, ile ndefu inapita chini ya mkuyu mkubwa wenye uwazi kama lango. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima, kwa sababu ya nyati, na vijana waambiwe mapema kwamba hakuna anayemtangulia, hata anayekwenda kujisaidia. Kwa walio Moshi, njia ya Marangu ya Kilimanjaro hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni ya saa tatu au nne, na Kreta ya Maundi iko jirani kwa matembezi ya jioni. Tatizo ni kwamba Marangu, kama Miriakamba, ni njia ya vibanda, kwa hiyo anayetaka vijana wajifunze kusimamisha hema aende kwingine. Longido, kwenye barabara ya Namanga, ni mlima mzuri wa zaidi ya mita 2,600, ila ni mkavu. Maji yote yapangwe kabla, na mwongozaji wa pale kijijini hakwepeki kwa sababu nyati wapo hata huko.

Sasa viatu, maana ndivyo vinavyoharibu safari nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mabuti ya mlimani ya mitumba, kwenye soko la Memorial kule Moshi au Kilombero hapa Arusha, yanaonekana imara, lakini mengi yamekaa stoo miaka kadhaa, na soli za povu gumu huoza zenyewe hata zisipovaliwa. Kwa macho huwezi kuona. Kunja kiatu kwa nguvu, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ikitoa unga au ufa mdogo, kirudishe. Soli ya namna hiyo hubanduka yote kwa pamoja, mara nyingi wakati wa kushuka, na hapo ni waya au utepe mpana wa gundi ndio utakaomfikisha mtoto getini. Raba ya shule yenye meno bado, iliyozoeleka mguuni, ni bora kuliko buti jipya lililovaliwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, la sivyo kwenye mteremko wa Jumapili vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi. Na kijana akisema kisigino kinawaka, msafara usimame hapo hapo, soksi ivuliwe, plasta ya kitambaa ibandikwe. Ukisubiri hadi mapumziko ya chakula utakuta lengelenge limeshapasuka.

Baridi nayo inadharauliwa. Hali ya hewa hupoa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Miriakamba iko mita 1,100 hivi juu ya mji wa Arusha, kwa hiyo toa nyuzi 7. Usiku wa Julai ambao mjini una nyuzi 12, kule utakuwa na 5. Jinzi zibaki nyumbani: pamba ikilowa kwa jasho au mvua haikauki, na inaendelea kuunyonya mwili joto. Sweta la sufu au flisi ya mtumba, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, na soksi kavu za kulalia tu. Godoro jembamba la povu chini ya begi la kulalia lina kazi kubwa kuliko blanketi la pili juu, kwa sababu ardhi ndiyo inayoiba joto la mlalaji. Hema lisisimamishwe bondeni, hata kama pamelala vizuri. Maji ya mvua yatakusanyika hapo, na hewa baridi pia hushukia hapo hapo usiku.

Begi la kijana wa kilo 50 lisizidi kilo 10. Vitu vizito vikae katikati, karibu na mgongo. Wagumu, yaani wapagazi, wakodiwe kwa ajili ya hema, gesi na sufuria, bila kumbebesha yeyote zaidi ya kilo 20, lakini kila kijana abebe nguo na maji yake, lita mbili hadi tatu.

Chakula kina siri moja ambayo wapishi wa mjini huisahau. Kwa mita 2,500 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 92, na maharage yatakaa jikoni hadi gesi iishe yakiwa bado magumu. Yachemshwe nyumbani. Mtori uliopikwa Moshi Ijumaa usiku na kupoozwa vizuri ni wa kupasha tu. Njiani wale karanga, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha, kidogo kidogo kila saa. Kuni zisiguswe kabisa. Moto wa msituni Kilimanjaro tumeuona Oktoba 2020, na hakuna kijana anayehitaji kufundishwa tena.

Mwendo uamuliwe na aliye taratibu kuliko wote, naye awekwe mbele, nyuma tu ya askari. Mtu mzima mmoja afunge msafara, na asimpite mtu yeyote kwa sababu yoyote. Kwa vijana sita nataka mtu mzima mmoja, na kwenye kundi la wasichana awepo mwanamke.

Hata mita 2,500 zinaweza kumuumiza mtu, na vijana huficha ili wasichekwe. Usiulize kundi zima "mko salama?" Wote watajibu ndiyo. Wakati wa chai ya jioni mwite mmoja mmoja: kichwa kinauma? umekula? umekojoa saa ngapi? Kichwa kikiambatana na kichefuchefu au kizunguzungu, huyo hapandi tena, na Panadol isiwe ruhusa ya kuendelea. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, au akihema kwa nguvu hali ameketi, anashushwa mara moja na askari pamoja na mtu mzima, hata kama ni saa nane usiku. Kwa hiyo namba za wazazi na gari la kusubiri getini ni sehemu ya maandalizi, sawa na hema.

Jumapili waondoke saa mbili asubuhi, malipo na vibali viwe vimekamilishwa tangu mjini ili wasicheleweshwe na lolote, wafike getini kabla ya saa saba. Jumatatu hema zianikwe zote, hata zinazoonekana kavu, maana hema likikunjwa na unyevu litaota ukungu na kuvuja kwenye mishono kabla ya Desemba.